Mapambo ya ndani ya nyumba katika pwani yetu

Ndugu yangu, umeuliza kama upambaji wa ndani ya nyumba uliletwa Mombasa na Waingereza. La, hasha. Huko Gedi, mji uliohamwa katika karne ya 17, wachimbuaji walipata kaure (vyombo vya udongo laini vinavyong'aa) za China ndani ya magofu; ndiyo kusema vitu vya fahari vilikuwamo majumbani kabla ya Waingereza kututawala.

Naona kazi hii ilifikia kilele katika nyumba za mawe za Lamu na Pate za karne ya 18. Vyumba vilikuwa virefu na vyembamba, kwa kuwa dari ilibebwa na boriti za mikoko ambazo kwa kawaida hazikuvuka upana wa karibu mita 3; na katika ukuta wa nyuma mafundi walichonga zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, kwa lipu ya chokaa, safu juu ya safu, ili kupangia kaure na vitu vingine vya thamani. Sakafu nayo ilipanda daraja kwa daraja kuelekea ndani, sehemu ya faragha ya wenyeji.

Nyumba nyingi za Mji wa Kale wetu hapa Mombasa ni za baadaye, na roshani zake za mbao zinaonyesha wazi athari ya Wahindi.