Rehani: shamba anashika nani?

SWALI: Nilikopa shilingi milioni 2 kwa jirani nikamwachia ekari 2 za mpunga rehani. Amevuna misimu mitatu, deni ni milioni 2 vilevile. Mbona aliyeweka nyumba rehani benki anaendelea kukaa kwake? Hilo ni neno moja au mawili? (Msomaji, Ifakara)

JIBU: Ni moja, lakini limebeba mambo mawili. Asili yake ni Kiarabu, rahn. Katika Qur'ani, Al-Baqara aya ya 283, msafiri aliyekosa mwandishi wa deni anaelekezwa kutoa rehani iliyokabidhiwa, yaani kitu kinatoka mkononi mwa mdaiwa. Jirani yako kashika maana hiyo. Waingereza nao waliazima Kifaransa cha kale, mort gage, "dhamana mfu": mkopeshaji alikula mavuno na deni halikupungua hata senti. Mavuno yakipunguza deni, dhamana iliitwa hai. Yako, basi, ni mfu kabisa.

Sheria ya Ardhi ya Tanzania ya 1999 (Sura 113) imeliacha jambo hilo nyuma. Rehani ni dhamana tu, haihamishi miliki. Benki hukaa na hati, rehani husajiliwa kwa Msajili wa Hati, wewe unabaki na nyumba. Nyumba ya familia inahitaji ridhaa ya mwenzi wa ndoa. Ukishindwa kulipa unapewa notisi ya siku 60, na mnada hutangazwa siku 14 kabla. Nyumba ikiuzwa chini ya bei ya soko kwa asilimia 25 au zaidi, benki ndiyo yenye kazi ya kuthibitisha kuwa haikufanya uzembe. Wengi hukwama baada ya kumaliza deni: wanachukua hati, wanafungia kabatini, hawasajili kufutwa kwa rehani. Siku ya kuuza, mnunuzi akifanya upekuzi kwenye daftari la Msajili anaikuta rehani bado imekaa pale.

Wewe na jirani andikeni leo, mbele ya mashahidi: kiasi cha deni, mipaka ya shamba, tarehe ya mwisho, na kila gunia litapunguza shilingi ngapi. Andikeni pia, kwa maneno hayohayo, kwamba "haya si mauzo". Hapo ndipo kesi nyingi huzaliwa: mkopeshaji akifariki, watoto wake husema baba alinunua. Misimu mitatu iliyopita mjadiliane wenyewe. Mkifika barazani bila karatasi, kila mmoja atasimulia lake.