Kabla Hujauza Korosho Ukanunue Waya za Spika

Juzi usiku kijana mmoja wa Lindi ameniandikia. Amerithi spika za marehemu baba yake, zile kubwa za mbao, na anapenda muziki wa okestra kama mimi. Swali lake: pesa ya korosho ikitoka, anunue waya gani za maana? Nilicheka peke yangu, halafu nikaumia kidogo, maana swali hilo nilijiuliza miaka sita iliyopita hapa Mtwara na nikajijibu vibaya.

Zangu nilinunua kwa mzee aliyefanya kazi na wamisionari kule Ndanda, naye aliachiwa na padri. Ni za miaka ya 1970: wufa, ile ya sauti nzito, ya inchi nane, na twita, ile ya sauti nyembamba, ndogo ya karatasi. Shemeji yangu alipoziona sebuleni akauliza nani kafariki, akaziita majeneza. Jina likakaa.

Nilianza na waya nene, kisha amplifaya. Sitaki kutaja nilitumia kiasi gani, mke wangu anasoma hapa. Sauti ikabaki ileile, ya mtu aliyefunikwa blanketi. Siku moja nikagusa ukingo wa wufa kwa kidole, kidole kikatoboa. Sponji ya ukingo huo ilikuwa imeoza, inamomonyoka nyeusi na kunata. Umri na unyevu wa pwani ndivyo vinavyoifanya hivyo, na waya ya dhahabu haiwezi kuiponya.

Nikampelekea fundi. Simtaji. Wiki mbili baadaye wufa zikarudi na ukingo mpya, mmoja umebandikwa upande, koili, ile waya iliyozungushwa nyuma ya wufa, inakwaruza sumaku. Violini ziko sawa, lakini chelo ikiingia unasikia mtu anakuna nazi. Na kapasita zilizokauka, vile vidude vinavyopitisha sauti nyembamba kwenda kwenye twita, alizibadilisha kwa zile za redio zenye chanya na hasi, wakati za spika hazina upande. Nilipolalamika akanijibu, "Za zamani ndivyo zinavyolia, mzee." Neno hilo bado linanichoma.

Basi nikafanya mwenyewe. Unakata kofia ya katikati ya wufa kwa wembe, taratibu. Unachukua picha ya eksirei ya zamani, unakata vipande vinne vyembamba, unavichomeka kuzunguka koili ili isimame katikati. Ndipo unapaka gundi ukingoni. Unaacha hadi kesho yake, unavitoa, unasukuma koni ya wufa kwa vidole gumba viwili na sikio karibu. Kimya. Nilisukuma mara ishirini nikisikiliza kimya kile. Kapasita niliagiza Kariakoo, zikaja kwa basi: za plastiki, mikrofaradi (kipimo cha kapasita) 4.7 kama zilizotoka. Volti zikizidi si neno, mikrofaradi usicheze nazo.

Bado besi ilinguruma kama pipa linaloviringishwa. Kosa halikuwa la spika tena. Chumba changu ni futi kumi upana, na chumba cha upana huo hurudisha sauti kwa nguvu karibu na hezi 57, yaani mitetemo 57 kwa sekunde. Uzi wa A wa kontrabesi, lile fidla kubwa kuliko yote, uko hezi 55. Kila mpigaji alipougusa, dirisha lilitetemeka. Nami nilikuwa nimebananisha spika ukutani na kiti changu ukutani upande wa pili, mahali ambapo mngurumo huo ni mkubwa kuliko pote. Nikasogeza spika futi mbili mbele, juu ya matofali, kiti nikakivuta futi tatu, na godoro la sufi nikalisimamisha kwenye kona. Shilingi sifuri. Mngurumo haukuisha, ila ukapungua kiasi cha kuusahau.

BBC walipobuni spika yao ndogo ya LS3/5A miaka hiyohiyo ya 1970, ya kusikilizia ndani ya magari ya matangazo, besi ya chini kabisa waliisamehe. Wataalamu wale walijua chumba kidogo hakibebi kila kitu. Sisi wa chumba na sebule tunataka kanisa zima la Ulaya liingie, tena chini ya bati. (Mvua ikinyesha mimi huzima.)

Jumamosi iliyopita shemeji alikuja, nikaweka chelo peke yake. Alikaa kimya, simu mkononi haiguswi. Kisha akageuka mlangoni: "Nani anapumua?" Alikuwa mpigaji wa chelo kwenye rekodi, anavuta pumzi kabla ya kugusa uzi. Hakusema jeneza.

Vijana, mnapenda sana kununua! Mnashindana kwa bei ya boksi na ukingo wa wufa hamjawahi kuugusa. Gusa kwanza, sogeza kiti kwanza, kapasita zifuate, waya iwe ya mwisho kabisa, hata ya taa inatosha kwa mita mbili tatu.

Wewe wa Lindi, toa kile kitambaa cha mbele, bonyeza ukingo polepole, kisha nitumie picha. Na kama kuna fundi anakwambia za zamani ndivyo zinavyolia, usimwachie wufa hata usiku mmoja.