Kupiga kantri kwa ukulele: anza na sauti yako

Hapa Kenya wapenzi wa Jim Reeves na Dolly Parton wako tele, na wengi wao wangependa kuzipiga nyimbo hizo wenyewe, ila gita linawatisha. Kwao nina jibu moja: chukueni ukulele, ala ndogo mithili ya gita. Nyuzi zake ni nne tu, laini, za nailoni, na kodi (chords, yaani sauti kadhaa zinazopigwa pamoja, nazo hupewa majina ya herufi) zinazobeba sehemu kubwa ya kantri ya zamani hazina ugumu. C inashikwa kwa kidole kimoja, F viwili, G7 vitatu. Ukizijua hizo tatu, una nyimbo nyingi mkononi.

Nimesikia wakisema kwamba ukulele ni ya Hawaii, kwa hiyo kantri si mahali pake. Sikubaliani nao hata kidogo. Ukulele ilizaliwa kutokana na vigita vidogo vya Wareno wa Madeira waliofika Honolulu mwaka 1879. Baada ya maonyesho makubwa ya San Francisco ya 1915, muziki wa Kihawaii ulivuma Marekani nzima, na lile gita linalolia kwa kutelezeshewa chuma juu ya nyuzi, ambalo leo kila mtu analitambua kuwa sauti ya kantri, lilitoka visiwa hivyo hivyo. Jimmie Rodgers, mwimbaji wa kantri wa mwanzo mwanzo, alirekodi na Joe Kaipo, mpigaji wa gita hilo, mwaka 1929. Na ni Rodgers huyo huyo ambaye santuri zake ziliwafikia Wakipsigis wetu: mtafiti wa muziki Hugh Tracey alipokuja kurekodi nyimbo zao mwaka 1950, aliwakuta wakimwimba kwa jina la Chemirocha. Muziki huu umezoea kusafiri.

Sasa tuingie kazini. Ushauri wangu mkubwa ni huu: usianze na kodi za kwenye rekodi, anza na koo lako. Kantri ni hadithi inayoimbwa, na msikilizaji asipoyasikia maneno hakuna kitu. Jim Reeves alikuwa na sauti nzito inayoshuka chini sana. Ukimfuata alipo, huku sauti yako ni ya juu, nusu ya ubeti itakufia kooni. Weka ala chini, imba wimbo mzima mtupu, na usikilize ni wapi unashuka kabisa na ni wapi unapanda kabisa. Ndipo ujaribu funguo, yaani kimo cha sauti ambacho wimbo mzima unakalia: C ikiwa na F na G7, G ikiwa na C na D7, A ikiwa na D na E7. Hizo tatu zinatosha watu wengi. Ufunguo wa F pia ni mzuri, lakini unadai B flati, kodi inayowasumbua sana wanaoanza, kwa hiyo uache kwa muda. Usione haya kuhamisha wimbo wa mtu mashuhuri. Waimbaji wa kantri wenyewe wanazihamisha nyimbo za wenzao kila siku.

Wimbo wa kwanza ninaowapa watu ni "Jambalaya" wa Hank Williams, wa mwaka 1952, kwa sababu una kodi mbili tu kutoka mwanzo hadi mwisho. Mkono wa kushoto unapumzika, wa kulia unajifunza.

Na mkono wa kulia ndio wenye kantri. Mpiga gita hugonga besi kwa dole gumba, kisha hupitisha vidole kwenye nyuzi nyembamba: besi, nyuzi, besi, nyuzi. Kwenye ukulele ya kawaida uzi ulio karibu na kidevu chako, G, una sauti ya juu, hivyo ukiugonga hupati besi yoyote. Shuka kwenye uzi unaofuata, C, ambao ndio wa chini kuliko wote kwa sauti. Gonga huo kwa dole gumba, kisha pitisha kidole cha shahada kwenye E na A. Fanya polepole mpaka miguu yenyewe itake kutembea. Wimbo wa mapigo matatu, kama "I'm So Lonesome I Could Cry" wa 1949, unataka dole gumba mara moja na kidole cha shahada mara mbili, na nafasi kubwa ya kupumua. Usiijaze nafasi hiyo. Ukulele sauti yake hufa haraka, na ukimya huo unalifaa sana neno la huzuni.

Kuna jambo dogo kuhusu "This Land Is Your Land", ambao Woody Guthrie aliuandika mwaka 1940 juu ya tuni iliyotoka kwa kundi la Carter Family. Ukiupiga kwenye ufunguo wa C, mstari unaanza na F, si C. Wengi huanzia C kwa mazoea, wakashangaa mbona hausikiki sawa.

"Jolene" wa Dolly Parton unakaa vizuri kwenye Am, C na G. Huo udonoe uzi mmoja mmoja, usiupige kwa kupitisha kidole.

Ukipata mwenzako mwenye gita, mambo yanabadilika. Mwachie besi zote. Wewe piga pigo la pili na la nne tu, kwa mkato, ukiachia kidogo vidole vya kushoto ili sauti ikatike mara moja, kama wafanyavyo wapigaji wa mandolini, ala nyingine ndogo ya nyuzi, kwenye bluegrass, aina moja ya kantri. Na kama hujui kodi anazopiga, mwombe aweke kapo, kile kibanio cha kubana nyuzi zote, kwenye freti ya 5 (freti ni vile vyuma vinavyokatiza shingo ya gita). Hapo maumbo ya kodi kwenye nyuzi zake nne nyembamba yanakuwa sawasawa na yako, na unaweza kumfuata kwa kutazama vidole vyake tu.