Usitume kianzio cha hiyo seti ya mawe

Dada unayetaka kuanza kukusanya vito vyako kwa laki tano, salamu nitakupa baadaye. Usitume hicho kianzio. Swali lako nimelisoma lote, dhahabu au fedha, masikio yanayowasha, pa kuhifadhia, sijui na shanga, lakini macho yamekwama pale ulipoandika "seti ya karati 21 yenye mawe mekundu, gramu 9, analeta kutoka Dubai, nalipa kidogo kidogo." Hiyo seti naijua. Yangu na yako ni baba mmoja mama mmoja.

Mwaka 2021, hapa hapa Dar. Mwenzetu wa kikoba, mwenye mdomo wa kumuuzia mvuvi samaki, alikuja na kiboksi cha velveti: mkufu na kidani chake, hereni, pete. Akatoa na kimizani cha betri, akaweka vyote juu: gramu 9.2. Halafu akasema maneno ambayo nikiyakumbuka mpaka leo nasaga meno: "Dhahabu ni benki, shoga. Ukikwama unauza, hela yako inarudi." Gramu moja 130,000. Ukijumlisha na ufundi, yaani malipo ya fundi aliyeitengeneza, 1,300,000. Nililipa miezi saba, nikishindia ugali na matembele, najiona mwekezaji.

2023 nikakwama kweli, ada. Nikaenda kwa sonara Kariakoo. Mzee wa watu hana maneno mengi. Akasugua pete kwenye kijiwe cheusi, akadondoshea tindikali, akatikisa kichwa kukubali. Nikashusha pumzi. Kumbe bado. Akachukua koleo nyembamba, akaanza kung'oa mawe moja moja, taratibu, kama mtu anayechambua mchele. Kila likiangukia kisahani linalia kama kipande cha chupa, kwa sababu ni kipande cha chupa. Akaweka dhahabu peke yake kwenye mizani: gramu 5.6.

Nisaidie hesabu. Gramu 3.6 za vioo, kila moja 130,000. Ni 468,000. Kwa hela hiyo ningenunua madirisha! Na mizani ya yule mwanamke haikuwa na kasoro hata kidogo, ndiyo inayouma. Hereni nazo zikatoka karati 18, usafi wa chini ya 21 niliyolipia, maana muhuri wa 875, ndio wa karati 21, ulikuwa kwenye pete tu, nami nikaona umetosha ukoo mzima. Ufundi ndiyo usiuulize, sonara anakununulia dhahabu, jasho la fundi halimhusu. Nikatoka na 640,000. Nilipomfuata mwenzetu akanijibu, "Lakini si umevaa miaka miwili, mpenzi?" Eti nimevaa! Dhahabu ni kanga, inachuja?

Kwa hiyo mdogo wangu, lipia gramu za dhahabu tupu. Uzito wa mawe utolewe kwenye hesabu mbele yako, na risiti iandikwe karati, gramu na ufundi, kila kimoja mstari wake. Akikuambia mawe hayana uzito, mwambie basi ayang'oe tupime tena. Utaona atakavyokumbuka ana simu ya haraka. Na asikuchanganye na neno karati: ya dhahabu ni usafi wake, ya jiwe ni uzito, karati tano za jiwe ni gramu moja. Kama jiwe ndilo unalolitaka, iwe tanzanaiti ya Mererani au lolote, linunue kwa bei ya jiwe, si kwa bei ya dhahabu.

Laki tano yako itafute pete nyembamba isiyo na jiwe, kipande kimoja basi, kwenye duka lenye mlango ambao kesho utaukuta palepale. Angalia muhuri kwenye kila kipande: 750 ni karati 18, 875 ni 21, 916 ni 22. Ukiona GP pembeni, yaani "gold plated", hiyo imechovywa dhahabu kwa juu tu. Mimi zamani nilidhani ni herufi za jina la fundi. Fedha ya 925 nayo nzuri, hata ukikosea unalala usingizi.

Sheria hiyo ya gramu tupu nimeirudia? Nairudia tena: gramu tupu.

Yale mawe ninayo bado, yako kwenye kikopo cha mafuta ya mgando. Binti yangu anachezea duka, juzi nimemkuta anamuuzia mdogo wake moja kwa shilingi hamsini. Mawe hayajawahi kupata bei ya haki kama hiyo.