Dada wa Kihesa, angalia zote mbili

Kamwene wadau. Juzi kuna binti wa Kihesa, Iringa, kaniandikia, kikundi chao wanataka kuigiza West Side Story, lile igizo la nyimbo la magenge mawili ya vijana New York, kwa Kiswahili, ananiuliza kaka niangalie filamu ya zamani au ile mpya? Dada angu angalia zote, nakwambia kwa uchungu maana mi yalinikuta.

Sisi tulikua na ile ya 1961 tu, ya Robert Wise na Jerome Robbins, iliyobeba Oscar 10. Nikaikariri yote, nikawapanga vijana hatua kwa hatua kama Rita Moreno na wenzake wanavyocheza wimbo wa America, ule Wapuerto Rico wanabishana kuhusu maisha ya Marekani na kwao, juu ya paa usiku. Siku ya onyesho ukumbi kimya, af pale pa kulia watu wakacheka. Mzee mmoja akanishika bega mlangoni, "mwanangu, mmeiga vizuri." Hilo neno linanichoma mpaka leo.

Baadae ndo nikaiona ya Steven Spielberg ya 2021. Aisee! America kaishusha barabarani mchana kweupe, Ariana DeBose na gauni lake la njano. Af wimbo wa Cool ndo ukanimaliza kabisa, kwenye ya 1961 wanaimba gereji watu wameshakufa, wanajizuia wasilipuke, ila Spielberg kauweka kabla ya ugomvi wa magenge kama ilivyokua jukwaani Broadway, New York, 1957, na hapo Tony, aliyejitoa kwenye genge, anahangaika kumnyang'anya bastola rafiki yake Riff, kiongozi wa genge, kwenye mbao zilizotoboka juu ya maji, wimbo uleule ila sasa roho iko juu unaomba mtu asife. Moreno na DeBose wote wamepata Oscar kwa kumuigiza Anita huyohuyo, yule binti anayeongoza America, na hawafanani hata kidogo! Mi nilikua naiga maamuzi ya watu nikidhani ndo igizo lenyewe.

Kwahiyo vijana acheni uvivu, kila moja ni masaa mawili na nusu tu, kaa na daftari, kila wimbo andika unaimbiwa wapi, nani anaimba, kabla yake kimetokea nini. Af funga simu ujiulize kwenu ungeimbiwa wapi. Usiige. Narudia, usiige.

Desemba tukarudia. America tukaiweka stendi, mabinti na mabegi yao, hawa wanaisifia Dar, wale wanawabishia hakuna kama Iringa. Mama mmoja mstari wa mbele akasimama akaanza kuwajibu, "nendeni tu, mtarudi!"