Maswali na majibu: kikokotoo cha grafu kilichofungwa

Maswali ya safari hii karibu yote yanahusu TI-84 Plus CE, kile kikokotoo chembamba chenye skrini ya rangi kilichotoka mwaka 2015 na kinachojaa mabegi ya wanafunzi wa sekondari Marekani. Tunaanza nacho, kisha tunawageukia wenye vikokotoo vya zamani na wenye Casio.

Binti yangu anasoma sekondari Minneapolis. Rafiki yake ana mchezo unaokwenda vizuri kwenye TI-84 Plus CE. Akiuhamishia kwenye ya kwake unaingia, lakini ukifunguliwa kinatoa kosa tu. Vikokotoo ni vya aina moja. Tatizo nini?

Mama, vikokotoo ni pacha, lakini mifumo iliyomo ndani si mmoja. Mwambie abonyeze 2nd kisha + ili aingie kwenye MEM, achague 1: About, asome namba ya toleo. Ikiwa ni 5.5 au zaidi, jibu ndilo hilo. Mwaka 2020 Texas Instruments (TI) waliondoa uwezo wa kuendesha programu za asembli (lugha iliyo karibu kabisa na ya mashine) na za C, wakaacha zile zilizoandikwa kwa TI-Basic, lugha rahisi iliyomo kwenye kikokotoo chenyewe. Mchezo wa rafiki yake bila shaka si wa Basic, na huyo rafiki ama hajapandisha mfumo wake au amekwisha kufungua kufuli.

Kinachowaudhi wapenzi wa vikokotoo ni kwamba uwezo huo uliwekwa na kampuni yenyewe. Kwenye TI-85, miaka ya 1990, watu waliingia kwa nguvu: walichukua nakala ya kumbukumbu yote kwenye kompyuta, wakaibadilisha, wakairudisha. TI-83 ya mwaka 1996 ilikuja na amri iliyojificha ya kuendesha asembli, Send(9prgm, ikafuatiwa na TI-83 Plus yenye Asm( ya wazi kabisa. Kilichoirudisha kampuni nyuma ni mitihani. Programu ya asembli hufika kila pembe ya kumbukumbu, kwa hiyo inaweza kuidanganya hata ile hali ya mtihani inayotakiwa kuficha programu. Basic haina ubavu huo.

Na huyo rafiki mwenye toleo la zamani aonywe asikubali kila pendekezo la kupandisha mfumo. Mfumo mpya ukishaingia, kurudi kwenye wa zamani hukataliwa.

Toleo langu ni la juu ya 5.5. Nifungueje, hatua kwa hatua?

Mwanya unaotumika unaitwa arTIfiCE, nao unapita ndani ya Cabri Jr., ile programu ya jiometri. Cabri Jr. hufungua faili za michoro bila kuzikagua vya kutosha. ArTIfiCE ni faili linalojifanya mchoro, na likifunguliwa prosesa hujikuta inatekeleza msimbo uliomo ndani yake. Tayarisha kebo ya USB yenye kichwa cha mini-B (si micro, waya wa simu ya zamani ya Android hauingii), programu ya TI Connect CE kwenye Windows au Mac, na TiLP kama unatumia Linux.

Kwanza bonyeza apps uone kama Cabri Jr. imo. Kama iliwahi kufutwa, irudishe. Kisha tuma faili la arTIfiCE, programu ya Cesium (ndiyo itakayofungua michezo), na kifurushi cha maktaba za C kiitwacho clibs. Kikokotoo kiwe kimewaka na kiko kwenye skrini ya kawaida ya kuhesabia. Kikiwa katikati ya menyu au grafu, utumaji hukwama. Vyote vipeleke kwenye Archive (hifadhi ya kudumu), usiviache RAM (kumbukumbu ya muda). Halafu fungua Cabri Jr., bonyeza kitufe chochote kupita ukurasa wa mwanzo, bonyeza y= ili menyu ya kwanza ishuke, chagua Open, kisha chagua ARTIFICE. Ukitoka hapo endesha CESIUM kwenye orodha ya prgm. Itajisimika kwenye apps, na humo ndimo utakamofungulia michezo yako.

Wengi hukwama kwenye clibs. Mchezo unaingia, Cesium inauona, ukiufungua unalalamika kwamba maktaba haipo au ni ya zamani. Mchezo ulioandikwa juzi hautaridhika na clibs za miaka mitatu iliyopita, kwa hiyo usikopi za rafiki, pakua za sasa.

Nilifanya yote hayo, ikafanya kazi wiki mbili. Jana kikokotoo kiliganda, nikabonyeza kitundu cha nyuma, sasa michezo haifunguki. Nimekiharibu?

Hujaharibu kitu. Ulichobonyeza ni reset, na RAM imefutwa. Kufungua kwa arTIfiCE hakubadilishi mfumo wenyewe. Kunapachika vijindoano kwenye RAM, na vijindoano hivyo vimeondoka pamoja na kila kilichokuwa humo. Rudia Cabri Jr., Open, ARTIFICE, dakika moja imekwisha. Hutahitaji kompyuta, mradi faili lilikuwa Archive. Kama lilikuwa RAM, limekwenda na maji, itabidi utafute kebo tena.

Kwa wasioelewa tofauti: CE ina RAM ya mtumiaji ya takriban KB 154 na Archive ya MB 3. RAM ni kama ubao wa chaki. Archive ni flashi, haiguswi na ajali ya kawaida. Ukibonyeza 2nd, +, kisha 5 utapata neno Archive. Lifuatishe na jina la programu. Mwalimu anayefuta kumbukumbu kabla ya mtihani kwa 2nd, +, 7 kwa kawaida huchagua kufuta RAM yote. Akichagua kufuta na Archive, hapo ndipo utaanza upya kabisa.

Nilisoma kwamba mwaka 2009 ufunguo wa TI ulivunjwa. Kwa nini wasivunje na wa CE, tuweke mfumo wetu wenyewe badala ya kupita dirishani kila siku?

Swali zuri, maana linatenganisha kufuli mbili ambazo watu huzichanganya. Ya kwanza inazuia programu, na hiyo ndiyo arTIfiCE inayoizunguka. Ya pili inazuia mfumo wote. Kikokotoo hukagua sahihi ya kidijitali ya mfumo unaoingizwa, na sahihi hiyo hutengenezwa kwa ufunguo wa siri ulio mikononi mwa kampuni peke yake. Ndani ya kikokotoo mna nusu ya wazi tu, namba kubwa iliyozaliwa kwa kuzidisha namba tasa mbili. Ukizijua hizo mbili, ufunguo wa siri umeupata.

Namba ya TI-83 Plus ilikuwa ya biti 512, yaani tarakimu 154. Mwaka 2009 Benjamin Moody aliigawanya kwa kompyuta moja ya nyumbani yenye prosesa ya viini viwili, akitumia programu huria za kugawanya namba. Ilichukua zaidi ya siku 70. Funguo za ndugu zake zikafuata haraka, safari hii kompyuta za watu wengi zikishirikiana. Texas Instruments ilituma barua za kutaka funguo hizo ziondolewe mtandaoni, ikitaja sheria ya hakimiliki ya Marekani iitwayo DMCA. Shirika la EFF, linalotetea haki za watumiaji wa teknolojia, likawasimamia baadhi ya waliozichapisha, likijibu kwamba kuendesha msimbo wako kwenye kifaa chako si wizi wa hakimiliki. Funguo hizo zipo hadi leo.

CE inatumia biti 2048. Usidhani ni ugumu mara nne. Kila biti ikiongezeka kazi inakua, na kwenye biti 2048 hakuna mkusanyiko wa kompyuta duniani unaoweza kumaliza. Ndiyo maana watu wanatafuta mianya kwenye programu kama Cabri Jr. badala ya kupigana na hesabu.

Nataka kuandika programu yangu kwa C. Nianzie wapi, na nijihadhari na nini?

Pakua CE C Toolchain (wengi huiita CEdev), ifungue kwenye folda ambayo njia yake haina nafasi katikati ya majina. Folda iitwayo "Kazi zangu" itakusumbua, "kazi" haitakusumbua. Ongeza folda yake ya bin kwenye PATH (orodha ya folda ambamo kompyuta hutafuta programu), ingia kwenye mmoja wa mifano iliyokuja nayo, andika make. Ukiona faili lenye mwisho wa .8xp ndani ya bin ya mfano huo, kompaila (kigeuza msimbo wako kuwa programu) iko sawa. Jina la programu hupangwa kwenye makefile: herufi kubwa, zisizidi 8.

Programu ndogo kabisa ya kuchora ni hii:

#include <graphx.h>
#include <ti/getcsc.h>

int main(void)
{
    gfx_Begin();
    gfx_PrintStringXY("Habari", 10, 10);
    while (!os_GetCSC());
    gfx_End();
    return 0;
}

Futa ule mstari wa gfx_End uone kinachotokea, utajifunza kitu. Skrini ni ya nukta 320 kwa 240, na mfumo wa TI huihifadhi kwa baiti mbili kwa kila nukta, jumla baiti 153,600. Maktaba ya graphx huigeuza kuwa baiti moja kwa nukta, ili eneo lilelile litoshe picha mbili: moja inaonekana, nyingine inachorwa nyuma ya pazia. Usipoita gfx_End, mfumo unarudi na kusoma baiti mbilimbili mahali ulipoandika mojamoja. Utaona matope ya rangi. Hakuna kilichoungua, bonyeza reset.

Mtego wa pili unawanasa hata wazoefu wa C. Prosesa ni eZ80, na humo int (namba kamili) ina biti 24. Haifiki bilioni mbili kama ulivyozoea kwenye kompyuta, inakomea 8,388,607 kisha inageuka hasi. Alama za mchezo zikikua sana, au ukizidisha vipimo viwili vikubwa, tumia long au int32_t. Na float (namba za desimali) zikimbie kadiri unavyoweza: prosesa haina sehemu ya kuzihesabu, kila tendo linafanywa kwa msimbo, na mchezo utakwenda kwa kuchechemea.

Usijaribie kila kosa kwenye kikokotoo chenyewe. Kipo kiigizi kiitwacho CEmu. Kinahitaji nakala ya ROM (mfumo uliomo kwenye chipu) ambayo utaitoa kwenye kikokotoo chako. CEmu inakutengenezea kijiprogramu cha kuinyofoa, unakituma, unakiendesha, kisha unarudisha vipande kwenye kompyuta. Kijiprogramu hicho ni cha asembli, kwa hiyo toleo la juu lazima lifunguliwe kwanza. Humo kwenye CEmu ukikosea unafunga dirisha, basi.

Nimepata TI-84 Plus ya zamani, ile ya betri nne za AAA na skrini nyeusi na kijivu. Nayo imefungwa?

Haijafungwa, na kwa kujifunza asembli tunaipenda kuliko CE, maana unaweza kuandika msimbo wa mashine kwa vidole bila kompyuta. Tengeneza programu mpya, iite FUTA, andika:

AsmPrgm
EF4045
C9

Neno AsmPrgm lichukue kwenye CATALOG (2nd, 0). Ukilichapa herufi kwa herufi halitambuliki. Herufi A hadi F za msimbo zichape kwa alpha. Toka, kisha andika Asm(prgmFUTA) ukiitoa Asm( kwenye CATALOG vilevile, ubonyeze enter. Skrini inafutika.

EF ni agizo la kuita huduma ya mfumo. 4045 ni namba ya huduma, 4540, iliyoandikwa kinyumenyume kwa sababu Z80, prosesa ya kikokotoo hiki, husoma baiti ndogo kwanza. C9 ni "rudi ulikotoka". Ukiisahau C9, prosesa haijui pa kusimama. Inaendelea kutekeleza takataka zilizo mbele yake, na mara nyingi utasalimiwa na "RAM Cleared". Fanya hivyo siku ambayo huna kitu cha thamani RAM.

Huku Kenya tunatumia Casio fx-82 na fx-991. Zinaweza kudukuliwa hivyo?

Kwa maana ya kuingiza programu yako, hapana. Programu ya fx-82MS au fx-991ES imechomwa kwenye chipu kiwandani, wala hakuna tundu la kuunganisha waya. Kuna watu waliogundua mfuatano wa vitufe unaozifanya baadhi ya ES kufunua vipengele vya ndugu zake wa bei kubwa, lakini ukizima au ukireseti vinapotea. Casio ya grafu, fx-CG50, ni habari nyingine: iunganishe kwa USB, inaonekana kama flashi, dondosha faili la .g3a humo, tayari. Haina kufuli ya kuvunja.

Ila hiyo usiingie nayo kwenye chumba cha KCSE. Karatasi ya hisabati inasema kikokotoo kiwe kisichopangika programu na kisicho na sauti, na Baraza la Mitihani la Tanzania nalo linaruhusu visivyopangika tu.

Je, nikikosea kabisa, kikokotoo kinaweza kufa?

Kwa msimbo wa kawaida, ni nadra sana. Mfumo ukiharibika, kile kijimsimbo cha kuwashia kinakaa sehemu yake na kinaweza kupokea mfumo upya kutoka kwenye kompyuta. Kwenye TI-84 Plus ya AAA, toa betri moja, shikilia del, irudishe betri ukiwa bado umeshikilia. Kikisema kinasubiri mfumo, kitumie faili la mfumo kwa TI Connect. Kabla ya kuanza weka betri mpya, kwa sababu utumaji unaokatika katikati kwa betri dhaifu utakulazimisha kuanza tena tangu mwanzo.