Maswali na majibu: Seli imepigwa dawa, upele haujaondoka

Swali: Shikamoo Bwana Afya. Kijana wangu alishikwa Ijumaa jioni hapa Malindi, akalala seli hadi Jumatatu alipofikishwa kortini, kisha akakaa rumande siku kumi kabla ya kupata dhamana. Sasa ni wiki ya tano tangu atoke. Mwili mzima unamwasha, usiku ndiyo balaa, na mdogo wake naye ameanza kujikuna. Nilimwendea mwakilishi wetu wa wadi, akasema kaunti haina usemi kwenye seli kwa kuwa polisi ni wa serikali kuu, ila atatafuta watu wapige dawa. Nasikia wamepiga. Je, hiyo inatosha? Na ni nani hasa anayepaswa kukagua pale? *Mama wa Muyeye.*

Jibu: Marahaba, mama. Tuanze na watoto, seli nitaifikia.

Dalili hizo ni za upele. Mdudu wake hupita ngozi kwa ngozi, watu wakilala wamebanana. Kwa anayeupata mara ya kwanza, mwasho huchelewa wiki tatu hadi sita, na muda wote huo anaambukiza wenzake bila kujijua. Kwa hivyo huenda kijana aliutoa seli, huenda aliutoa rumande. Matibabu ni yale yale. Wapeleke zahanati wote wanaolala nyumba hiyo, hata asiyejikuna. Wakipewa krimu ya pamethrini ya asilimia 5, ipakwe usiku mmoja kwa wote, kuanzia shingoni hadi nyayoni, katikati ya vidole, chini ya kucha, kitovuni na sehemu za siri. Ikae saa 8 hadi 12 kabla ya kuoga, kisha irudiwe baada ya wiki moja. Mtoto mchanga asipakwe chochote kabla ya kuonwa na daktari. Nguo na mashuka ya siku hizo yafuliwe kwa maji ya moto, na yasiyofulika yafungwe kwenye mfuko wa plastiki siku tatu au zaidi. Mwasho unaweza kuendelea wiki mbili hadi nne baada ya wadudu kufa, kwa hivyo msikimbilie kupaka tena na tena. Zile krimu za kung'arisha ngozi zinazouzwa madukani mziache kabisa: nyingi zina dawa inayotuliza mwasho kwa siku chache huku wadudu wakizaana.

Sasa hilo la kupiga dawa. Kituo kikilalamikiwa, jibu ni lile lile: leteni mtu wa dawa. Harufu inasikika hadi barabarani, kila mtu anaona kazi imefanyika, na lalamiko linafungwa. Lakini mdudu wa upele akitoka kwenye mwili wa binadamu huishi siku mbili tatu tu. Makao yake ni ngozi ya mahabusu. Ukipuliza kuta asubuhi kisha jioni ukawarudisha watu wale wale bila matibabu, umewarudisha na wadudu wao. Chawa wa mwili naye yumo kwenye mishono ya nguo; huyo anataka nguo za kubadili na maji ya moto. Kunguni ndiye anayejificha ukutani, na hata yeye hamalizwi na mpulizo mmoja, kwa sababu dawa nyingi haziui mayai, na mayai huanguliwa baada ya siku sita hadi kumi. Fundi anayejua kazi huziba nyufa kwanza, hutoa magodoro, kisha hurudi baada ya wiki mbili. Na kikohozi cha kifua kikuu hakina bomba la kukipulizia. Kinachopunguza vijidudu vyake hewani ni madirisha yanayotazamana na idadi ndogo ya watu chumbani.

Tena uliza ni nani aliyepuliza. Wanaojiita mafundi wa fumigesheni mjini ni wengi, na baadhi yao wamebeba dawa ya shamba kutoka duka la pembejeo, imemiminwa kwenye chupa ya soda, kipimo ni kifuniko. Anayefanya kazi hiyo kwa malipo anatakiwa awe na leseni ya PCPB, bodi inayosajili dawa za kuua wadudu, na dawa yenyewe iwe kwenye chombo chake cha kiwandani, chenye namba ya usajili na maelezo ya muda ambao watu hawatakiwi kuingia. Seli ina kidirisha kimoja kilicho juu karibu na dari. Ukiwafungia watu humo sakafu ikiwa bado mbichi, utapata maumivu ya kichwa, kutapika, na mwenye pumu atabanwa vibaya. Wao hawana ruhusa ya kutoka nje kupunga hewa.

Mwakilishi wako amekueleza nusu. Ni kweli, Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeweka polisi na magereza chini ya serikali ya kitaifa. Jedwali hilo hilo limeipa kaunti huduma za afya. Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, kwenye kifungu cha 118 inahesabu kuwa kero ya kiafya jengo lililojaza watu kupita kiasi, lisilo na hewa wala mwanga wa kutosha, choo kibovu, mtaro ulioziba, tangi la maji chafu. Kifungu cha 119 kinatoa utaratibu wa notisi ya kuondoa kero hiyo. Bwana afya wa kaunti hamwamuru mkuu wa kituo amshike au amwachilie nani, wala haingii seli bila kubisha. Lakini choo, maji, hewa na ugonjwa ndiyo kazi yake. Anayekataa kwenda kwa kisingizio cha serikali kuu anakwepa jua tu.

Polisi nao wana sheria yao. Jedwali la Tano la Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011 linataka seli iwe safi, yenye mwanga wa kutosha, choo na mahali pa kuoga, wanawake mbali na wanaume, watoto mbali na watu wazima. IPOA, mamlaka huru ya kusimamia polisi, imepewa na sheria yake ya 2011 uwezo wa kukagua seli hizo. Rumande ni habari nyingine, iko chini ya Magereza. Huko lalamiko lipitie kwa hakimu anayesikiliza kesi au Kamati ya Watumiaji wa Mahakama. Kanuni za Mandela za Umoja wa Mataifa za 2015, kanuni ya 35, zinataka daktari au mamlaka ya afya ya umma ikague magereza mara kwa mara na kumshauri mkuu wake kuhusu chakula, usafi, mwanga na hewa.

Ukaguzi wenyewe hauhitaji bomba. Unahitaji tepu ya kupimia, kalamu, na kwenda wakati unaofaa. Katiba, kifungu cha 49, inataka aliyeshikwa afikishwe kortini ndani ya saa 24, na muda ukiisha nje ya saa za korti, basi siku ya korti inayofuata. Ndiyo sababu kijana wako alilala pale hadi Jumatatu, na ndiyo sababu seli hufurika wikendi. Mkaguzi anayekuja Jumatano saa nne asubuhi, kwa miadi, atakuta chumba kimedekiwa na watu wawili. Aende Jumatatu alfajiri, kabla gari la kortini halijatoka.

Apime sakafu. Kipimo cha Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu kwa wanaolala chumba kimoja ni mita za mraba 3.4 kwa kila mtu. Seli ya mita 3 kwa 4 ina mita za mraba 12, yaani watu watatu. Wakiwa 12, kila mmoja ana mita moja, na hapo upele hauhitaji msaada wa mtu. Vyoo, kimoja kwa watu 25 kwenda chini. Maji, lita 10 hadi 15 kwa mtu kwa siku. Kwa watu 12 kiwango cha juu ni lita 180, mitungi tisa ya lita 20. Mfereji ukikauka, na Malindi twajua hukauka, nani anajaza hiyo mitungi, na inafunikwa? Shimo la maji taka lilinyonywa lini? Wanaoingia huulizwa kama wanakohoa au wana vidonda, na jibu linaandikwa wapi? Mwisho aandike ripoti yenye tarehe ya kurudi. Ukaguzi usio na karatasi ni matembezi.

Wewe andika barua moja kwa afisa wa afya ya umma wa kaunti ndogo ya Malindi, nakala kwa mkuu wa kituo, kwa IPOA na kwa karani wa bunge la kaunti, ambalo lipo hapo hapo mjini. Weka tarehe za kushikwa na kuachiliwa, namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha kituo cha polisi, kama unayo, na nakala ya karatasi ya zahanati. Omba mambo matatu: seli ikaguliwe, mahabusu waliomo watibiwe pamoja siku moja, na upewe ripoti. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inampa afisa siku 21 za kukujibu. Nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Barua hii hailipiwi. Wale wanaozunguka nje ya korti wakidai elfu mbili tatu za "kufuatilia faili" wasikuguse. Mwakilishi wako naye ana kazi: kamati ya afya ya bunge la kaunti inaweza kuiita idara ya afya ieleze imekagua wapi na lini. Hilo lingefaa kuliko pesa za bomba.

Na wenye mabweni, madrasa za kulala na nyumba za wageni wasidhani ni habari ya polisi peke yao. Siku hizi mnatundika ukutani cheti cha fumigesheni mkidhani mmekaguliwa. Cheti hicho kinasema mtu alikuja akapuliza, basi. Wanafunzi wakianza kujikuna, wachukueni wote zahanati siku moja, hesabuni vitanda, pimeni nafasi kati ya kitanda na kitanda, na mwiteni bwana afya kabla ya kumwita mtu wa bomba.